Chennai, Mji wa Pwani Uliokosa Bandari

Mgeni afikaye Chennai, mji ulioitwa Madras hata mwaka wa 1996, huonyeshwa mambo yake kwa taratibu isiyobadilika sana. Kwanza huonyeshwa Ngome ya St. George, kisha kanisa la San Thome, kisha hekalu la Kapaleeshwarar katika Mylapore, na jumba la makumbusho la Egmore. Hata jua likipungua ukali huongozwa mpaka ufuko wa Marina, ambako watu wa mji hutoka kwa maelfu kupunga upepo. Vyote hivyo vyastahili kutazamwa. Lakini taratibu yenyewe ina hadithi iliyofichwa ndani yake, nayo ni hadithi ya wale walioijenga ngome: kwamba palikuwa na mchanga mtupu, wakaja Waingereza, na mji ukazaliwa. Katika makala haya nataka kuushika mji huo kwa upande mwingine, yaani kwa upande wa bahari, kwa sababu naona kwamba karibu kila kinachotazamwa leo Chennai kimeumbwa na mambo mawili, nguo na mawimbi, na hakuna hata moja kati ya hayo lililoletwa na Waingereza.

Watu wa pwani yetu wamezoea kuona mji ukizaliwa pale palipo na kinga. Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na hori mbili. Lamu na Pate zimejificha nyuma ya visiwa na mikoko. Kilwa vivyo hivyo. Chennai haina kinga yoyote. Pwani yake imenyooka kama uzi, haina rasi wala kisiwa, na mito yake miwili, Cooum na Adyar, aghalabu huzibwa mdomoni na fungu la mchanga. Mawimbi huja kutoka Ghuba ya Bengali bila kizuizi, yakavunjika katika safu moja baada ya nyingine kabla ya kugusa ufuko. Kwa hiyo, kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili, merikebu zilizofika hapo zilitia nanga mbali, katika bahari wazi, na hakuna nahodha aliyethubutu kuleta mashua yake mwenyewe pwani. Mashua ya Kizungu iliyopigiliwa misumari ilikuwa ngumu mno. Ilipopigwa na wimbi na kugonga mchanga ilipasuka.

Waliokuwa mabwana wa mahali hapo ni wavuvi wa Kitamili na vyombo vyao viwili. Cha kwanza ni magogo machache yaliyofungwa pamoja kwa kamba, ambayo wao huita kattumaram, maana yake miti iliyofungwa; neno hilo likachukuliwa na Waingereza, nalo leo laitaja mashua yoyote yenye viunzi viwili, ijapokuwa chombo cha asili hakikuwa na kiunzi hata kimoja. Cha pili ndicho kitakachomvutia zaidi msomaji wa huku kwetu, nacho ni masula. Hii ilikuwa mashua pana, yenye ubavu mrefu na chini bapa, haikuwa na mataruma wala msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na majani makavu yakashindiliwa katika mishono badala ya kalafati. Ilipogongwa na wimbi ilijikunja na kulegea kama kikapu, kisha ikarudi katika umbo lake. Waliojua mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni hawahitaji kuelezwa zaidi, maana nao ulishonwa kwa kamba za makumbi. Hata hivyo tusizifanye kuwa kitu kimoja. Mtepe ulikuwa chombo cha safari, wenye tanga la mkeka, ukapita bahari na shehena zake. Masula ilikuwa chombo cha kasia, na safari yake ilikuwa fupi kabisa, kutoka merikebuni mpaka mchangani na kurudi. Lakini ufundi ni wa ukoo mmoja, nao umeenea katika Bahari ya Hindi tangu zamani sana. Vyombo vyote viwili vimetoweka, mtepe mwanzoni mwa karne ya 20, na masula baada ya kujengwa bandari.

Hebu tufikiri maana ya jambo hili. Kila gavana, kila askari, kila mzinga, kila kengele ya kanisa iliyoingia Madras kabla ya mwaka wa 1861 ilipitishwa juu ya mawimbi na watu wa pwani katika mashua zilizoshonwa. Ngome iliwatisha wafalme wa bara. Wapiga makasia haikuweza kuwatisha, kwa kuwa bila wao isingepata hata mkate.

Basi, kwa nini watu wenye akili wakachagua mahali pabaya namna hiyo? Jibu ni nguo. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilihitaji nguo za pamba, hasa zile zilizochorwa na kutiwa rangi kwa mkono, za jinsi ambayo kwetu iliitwa chiti, kwa sababu katika visiwa vya mashariki ilikozinunua pilipili na viungo, wenyeji walipendelea nguo hizo kuliko fedha. Francis Day, wakala wa Kampuni katika kituo kidogo cha Armagon upande wa kaskazini, alitafuta mahali ambapo nguo ni nzuri na bei yake ni nafuu. Mwaka wa 1639 akapewa hati ya kipande cha pwani kwa jina la Damarla Venkatadri, Nayaka aliyetawala sehemu hiyo chini ya mfalme wa Vijayanagara. Wapo waliosema baadaye kwamba Day alipapenda mahali hapo kwa sababu alikuwa na mwanamke San Thome, mwendo mfupi kuelekea kusini. Huenda ni kweli, huenda ni masengenyo ya makarani wenzake; lakini Kampuni haikulipa gharama za ngome kwa ajili ya mapenzi ya mtu. Ililipa kwa ajili ya wafumaji. Pamoja na Day na mwenzake Andrew Cogan alikuwapo Beri Thimmappa, dubashi wao. Neno dubashi lina maana ya mtu wa lugha mbili, lakini kazi yake ilizidi ya mkalimani: ndiye aliyetafuta mafundi, akadhamini mikopo, akaleta wakazi. Sanamu za makarani wa Kiingereza na magavana zimejaa katika makumbusho. Za madubashi ni haba.

Nayaka alitaka mji mpya uitwe Chennapatnam, kwa heshima ya baba yake, Chennappa Nayaka. Kijiji jirani kilikuwa kikiitwa Madraspatnam. Majina hayo mawili yalitumika kwa pamoja, la pili zaidi katika vinywa vya Wazungu na la kwanza zaidi katika vinywa vya wenyeji, hata serikali ya jimbo la Tamil Nadu ilipoamua mwaka wa 1996 kwamba jina rasmi liwe Chennai. Wako walionung'unika kwamba Madras nalo lilikuwa jina la asili, wala hawakosei. Kila mwaka, tarehe 22 Agosti, mji husherehekea siku ya kuzaliwa kwake kwa kufuata hati ya mwaka wa 1639.

Hapo ndipo ninapoona kosa. Hati ile ilihusu kipande cha mchanga, lakini mji wa leo umemeza miji iliyokuwa mizee kabla babu yake Day hajazaliwa. Katika mtaa wa Triplicane, ambao jina lake la Kitamili ni Tiruvallikeni, lipo hekalu la Parthasarathy lenye maandishi ya zama za mfalme Dantivarman wa ukoo wa Pallava, aliyetawala katika karne ya 8 na ya 9. Mylapore ilikuwa bandari iliyojulikana mbali. Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13, aliandika habari za kaburi la Mtume Tomaso katika nchi hiyo, akaeleza kwamba Wakristo na Waislamu pia walikwenda kulizuru. Wareno walipofika walijenga kanisa juu ya kaburi hilo mnamo mwaka wa 1523, na mji wao wakauita San Thome. Kanisa lionekanalo leo, jeupe, lenye mnara mrefu uliochongoka, ni jengo jipya lililokamilika mwaka wa 1896. Yasemwa kwamba hekalu la kwanza la Kapaleeshwarar lilisimama karibu na bahari, likavunjwa zama za Wareno. Na kwa kweli vipande vya mawe yenye maandishi ya hekalu vimeonekana katika ardhi ya San Thome. Hekalu la sasa lilijengwa ndani zaidi, kando ya birika kubwa, na mnara wake wa mlangoni, uliojaa sanamu za rangi kutoka chini hata juu, ni wa mwaka wa 1906. Kwa hiyo mtu asimamaye mbele yake anatazama jengo lisilo la kale sana, lakini ibada iliyomo humo ni ya kale kuliko ngome kwa mamia ya miaka.

Tuirudie ngome. Waingereza walianza kukaa humo mwaka wa 1640, na kwa kuwa sehemu ya kwanza ilimalizika karibu na sikukuu ya Mtakatifu George mwezi wa Aprili, jina likapatikana bila taabu. Ndani yake lipo kanisa la St. Mary's, lililowekwa wakfu mwaka wa 1680, ambalo ni kanisa la Kianglikana la kale kuliko yote katika Bara Hindi. Paa lake ni kuba la matofali mazito, lililojengwa ili kustahimili mizinga. Naye aliyelijenga hakuota ndoto, maana kombora lilikuja kweli. Elihu Yale alioa katika kanisa hilo mwaka uleule wa 1680, akawa gavana mwaka wa 1687, akatolewa mwaka wa 1692 kwa tuhuma za kujitajirisha. Na sehemu ya mali yake, iliyotumwa Marekani, ikakipatia chuo kimoja jina lake mwaka wa 1718. Majengo mengine ya ngome si ya kustaajabisha, na mgeni akiona askari wengi na makarani wakipita na majalada asishangae, kwa kuwa Bunge na ofisi kuu za serikali ya Tamil Nadu zimo humo hata leo. Jumba la makumbusho ya ngome lilifunguliwa mwaka wa 1948, mwaka mmoja baada ya uhuru.

Mwezi wa Septemba 1746 Wafaransa wakaiteka ngome. Jemadari wao, La Bourdonnais, alikuwa gavana wa Mauritius, na merikebu zake zilitoka huko, katika upande wetu wa bahari. Alishinda kwa urahisi, lakini pwani isiyo na bandari haikujali nani mshindi: mwezi wa Oktoba ikaja tufani, ikavunja merikebu zake kadhaa zilizokuwa zimetia nanga mbele ya mji. Waingereza walirudishiwa mji mwaka wa 1749. Wafaransa wakaja tena kuuzingira mwaka wa 1758, wakashindwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata.

Vita hivyo vilikuwa na matokeo ambayo waongozaji wa wageni huyapita haraka. Upande wa kaskazini wa ngome, ukuta kwa ukuta, ulikuwapo mji wa wenyeji, ambao Waingereza waliuita Mji Mweusi. Humo walikaa wafanyaji biashara, wafumaji, wachoraji wa nguo, madubashi na Waarmeni. Wafaransa walipokuwa wameshika mahali hapo walibomoa sehemu ya mji huo, na Waingereza waliporudi wakaendelea, ili mizinga ya ngome ipate uwanja wazi. Hekalu kubwa la mji nalo likavunjwa mwaka wa 1757. Kampuni ilitoa kiwanja kingine badala yake, na hekalu likajengwa upya kwa michango ya matajiri wa mji katika mahali palipo soko la maua leo. Lipo na linaabudiwa. Kisha zikasimamishwa nguzo sita zenye tarehe ya Januari 1773, kuonyesha mpaka ambao ndani yake mtu haruhusiwi kujenga. Imebaki nguzo moja tu, imeegemea jengo la kampuni moja ya biashara kwenye njia panda ya Parry, na maelfu hupita mbele yake kila siku bila kuitupia jicho. Mimi ningewaanzishia wageni hapo. Jengo jekundu la Mahakama Kuu, lililofunguliwa mwaka wa 1892, ambalo kila mtu hulipiga picha kwa sababu ya makuba na vioo vyake vya rangi, limesimama juu ya nyumba za watu wale waliohamishwa.

Kusini mwa ngome hadithi ni nyingine. Muhammad Ali Wallajah, Nawabu wa Arcot, ambaye Waingereza walimsaidia kushika kiti kisha wakamzamisha katika madeni, alijenga kasri la Chepauk mwaka wa 1768 ili awe karibu na marafiki zake wenye mizinga. Cheo cha Unawabu kilifutwa mwaka wa 1855, na kasri likawa ofisi za serikali. Sehemu yake iliungua moto mwaka wa 2012 na baadaye ikatengenezwa. Huko Triplicane upo msikiti mkubwa wa Wallajah, wa mwaka wa 1795, uliojengwa kwa mawe ya kijivu. Maandishi ya Kiajemi yaliyomo, ambayo herufi zake zikihesabiwa hutoa mwaka wa kujengwa, yalitungwa na Mhindu aliyekuwa katibu wa Nawabu. Na katika miaka yetu, mwezi wa Ramadhani, chakula cha kufuturu katika uwanja wa msikiti huo hugawiwa na Wahindu wenye asili ya Sindh.

Habari za taa zaonyesha vema jinsi mji ulivyohangaika na bahari yake. Taa ya kwanza iliwashwa mwaka wa 1796 juu ya paa la jengo ambalo sasa ni makumbusho ya ngome. Ya pili, ya mwaka wa 1844, ni nguzo ndefu ya mawe iliyosimama bado katika uwanja wa Mahakama Kuu. Ya tatu ilipandishwa mwaka wa 1894 juu ya mnara wa mahakama yenyewe, hata hakimu akahukumu chini na taa ikazunguka juu. Ya nne ni mnara wa Marina, uliofunguliwa mwaka wa 1977. Taa ile ya tatu ilikuwa kazini usiku wa tarehe 22 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Emden ilipokuja ghafla ikapiga makombora na kuchoma matangi ya mafuta. Siku mbili tu kabla yake, manowari nyingine ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Huko Madras watu walikimbia mji kwa hofu, na jina likaingia katika lugha: hata leo Mtamili akimwita mtu emden ana maana ya mtu hodari na mjanja, ajaye usipomtarajia.

Sasa tuje kwenye bandari. Mwaka wa 1861 lilijengwa gati la chuma lililoingia baharini, na katika miaka ya 1870 wahandisi wakaanza kuijenga bandari yenyewe kwa kumwaga mawe na matofali ya saruji, wafanye mikono miwili ya kuikumbatia bahari isiyo na hori. Tufani ya mwezi wa Novemba 1881 ikaibomoa kazi hiyo ilipokuwa karibu kwisha. Wakaanza tena. Mlango uliokabili mashariki ulipoonekana kuwa haufai, ukazibwa, na mwingine ukafunguliwa upande wa kaskazini-mashariki, chini ya mhandisi Francis Spring, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Katika ofisi za bandari hiyo aliajiriwa mwaka wa 1912 karani mmoja maskini aitwaye Srinivasa Ramanujan, ambaye miaka miwili baadaye alikwenda Cambridge, akawashangaza mabingwa wa hesabu wa dunia.

Lakini jambo kubwa lililofanywa na bandari halikutarajiwa na wengi. Kando ya pwani ile mchanga husafiri mwaka mzima, na kwa jumla husafiri kuelekea kaskazini. Mkono wa kusini wa bandari ukauzuia. Mchanga ukarundikana, ufuko ukapanuka, na bahari ikarudi nyuma mbele ya mji. Gavana Grant Duff alipotengeneza barabara ya matembezi mwaka wa 1884 na kuiita Marina, upana tunaouona leo haukuwapo. Ushahidi upo katika nyumba ya duara iliyojengwa mwaka wa 1842 kuwekea barafu iliyoletwa kwa merikebu kutoka Boston, zama zilezile ambapo wenzao wa Salem walikuwa wakileta merikani Unguja. Ilijengwa karibu na maji, kwa kuwa barafu haingoji. Sasa mtu akitoka humo lazima avuke barabara kisha atembee mwendo mzuri juu ya mchanga kabla hajalowa miguu. Ufuko huo wa kilomita 6 hivi, fahari ya Chennai, ambako watoto hurusha tiara na wachuuzi hukaanga samaki, ni mtoto wa bandari. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilirudi kuudai: tsunami iliyotoka Sumatra, ambayo siku ileile iliua watu hata katika pwani ya Afrika ya Mashariki, iliua zaidi ya watu 200 katika Chennai, wengi wao wavuvi na watu waliokuwa matembezini asubuhi.

Mchanga uliobaki kusini ulikuwa haki ya kaskazini. Huko Royapuram na sehemu zinazofuata, bahari iliyonyimwa mchanga ikaanza kula nchi, ikala barabara, ikala nyumba za wavuvi, vizazi vya watu walewale ambao mashua zao zilizoshonwa zilimvusha kila gavana. Serikali imelinda sehemu zilizobaki kwa kumwaga mawe makubwa, na kwa hiyo mahali pengi huko hapana ufuko tena. Pana mawe, kisha bahari. Kituo cha reli cha Royapuram, cha mwaka wa 1856, ni cha kale kuliko vyote vilivyosimama bado katika kusini ya Bara Hindi, na kwa ajili yake wageni wachache hufika upande huo. Wakitembea kidogo zaidi watafika Kasimedu, bandari ya wavuvi, ambako alfajiri samaki hunadiwa kwa kelele, na wanawake wenye vikapu hushindana na wenye malori. Vyombo siku hizi ni vya injini, na magogo ya kattumaram ni machache mno, lakini jina halikupotea, na wazee wa hapo bado wanaweza kukuonyesha kwa kidole, mbali juu ya maji, mahali ulipokuwa mtaa wao.